Makonyo Yetu na Migomba ya Munanila



Ofisi yetu imepokea barua kutoka Munanila, na kwa kuwa barua hiyo yahusu makonyo na majani ya mkarafuu, vitu ambavyo wengi wetu huvihesabu kuwa takataka za msimu, nimeona haifai ikae ndani ya faili bila ya ninyi kujua yaliyomo. Aliyeiandika ni kijana wa mwanachama mwenzetu, mwalimu wa sayansi huko bara. Ameuliza kama chama chaweza kumpelekea chupa ya mafuta ya makonyo, na bei yake ni kiasi gani. Akusudia kujaribu pamoja na wanafunzi wake kutengeneza plastiki kwa wanga wa muhogo, aitie nyuzi za mgomba ili ipate nguvu, kisha aitie mafuta ya karafuu ili isishike ukungu.

Barua ilisomwa mbele ya kamati. Mzee mmoja alicheka, akasema plastiki ni plastiki na mgomba ni mgomba, na tangu lini vitu hivyo viwili vikaoana. Mwingine hakucheka. Aliuliza palepale kama hii ndiyo biashara mpya, na kama si vyema tuanze kukata majani ya mikarafuu sasa, kabla watu wa vijiji vingine hawajapata habari. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wote wawili, lakini zaidi kwa ajili ya huyo wa pili.

Munanila wengi wetu hatujapata kufika. Iko wilaya ya Buhigwe, mkoa wa Kigoma, juu milimani, karibu na mpaka wa Burundi. Zamani sehemu ile ilikuwa katika Kasulu, mpaka Buhigwe ilipofanywa wilaya peke yake mwaka 2012. Ni nchi ya Waha, nchi ya baridi na mvua na vilima vilivyoandamana, na kilimo chao ni migomba, maharage, mahindi, muhogo na kahawa. Mkarafuu haupo. Lakini Mpemba akisimama kati ya migomba ile hatajiona mgeni sana. Na mgomba, kama mjuavyo, huzaa mara moja tu: mkungu ukishakatwa, shina limekwisha kazi yake, nalo hukatwa likalazwa chini. Mwalimu wetu amelitazama shina hilo, akatazama na muhogo, akaona kwamba vitu viwili anavyo, na cha tatu kiko kwetu.

Kwanza yafaa tujue plastiki ni nini. Hii ya kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya petroli na gesi ya ardhini. Ni minyororo mirefu ya chembe ndogo sana zilizoshikana, na vijidudu vya udongoni havina meno ya kuitafuna minyororo hiyo. Ndiyo sababu mfuko wa nailoni uliofukiwa shambani huchimbuliwa baada ya miaka mingi ukiwa bado mfuko. Zanzibar ilikwisha kuipiga marufuku mifuko laini ya plastiki mwaka 2006. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini marufuku ya Bara ilikuwa ya mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, za kilimo na za tiba viliachwa, maana si rahisi kupata kitu cha kushika mahali pake. Basi anayetafuta kitu hicho hafanyi mchezo.

Wanga nao ni mnyororo mrefu, lakini mnyororo huu umefumwa na mmea kwa sukari, na karibu kila kijidudu cha ardhini chajua kuula. Na sisi wenyewe twaujua wanga kwa namna nyingine. Nani kati yetu hajapata kuvaa kanzu iliyotiwa wanga ikasimama kama ubao? Uji ule ukikauka juu ya kitambaa hufanya utando. Ukiumimina peke yake juu ya sinia bapa na kuuacha ukauke, utabandua utando mwembamba unaopitisha mwanga, ila ukiukunja utavunjika kama jani kavu. Dawa ya kuulainisha ni gliserini, ileile inayouzwa madukani ya kupaka ngozi, ambayo hupatikana pia viwandani wakati wa kutengeneza sabuni. Kipimo kinachotumiwa sana maabarani ni wanga gramu 5 kwa maji gramu 100, na gliserini gramu 1 na nusu. Mchanganyiko huo hupashwa moto huku ukikorogwa mpaka uwe mzito na uanze kung'aa, jambo linalotokea joto likifika kama digrii 70, kisha humiminwa ukakauka siku moja au mbili kivulini. Hiyo ni plastiki, ndugu zangu, na hakuna tone la petroli ndani yake.

Ina kasoro tatu. Hunywa maji, ikawa laini kama ngozi iliyorowa. Haina nguvu, na kila siku zinavyopita huzidi kukakamaa. Na ya tatu, chakula cha mtu ni chakula cha ukungu pia: mfuko wa wanga ukiwekwa mahali penye unyevu hauchelewi kuota madoa. Kasoro ya kwanza na ya pili ndizo zinazotibiwa kwa nyuzi, na ya tatu ndiyo iliyomfanya mwalimu atuandikie sisi.

Habari ya nyuzi ni nyepesi kuielewa kwa mtu aliyepata kukandika nyumba. Udongo peke yake hupasuka. Ukisimamishiwa fito, udongo hushika fito na fito hushika udongo, na ukuta ukasimama miaka. Wanga ni ule udongo, na nyuzi za mgomba ndizo fito. Zaidi ya nusu ya uzi wa mgomba ni selulosi, kitu kilekile kilichomo katika pamba. Lakini uzi mbichi una utomvu na gamba linaloitwa lignini, na wanga haushiki vizuri juu yake. Kwa hiyo nyuzi huchemshwa au kulowekwa katika maji yenye kostiki soda, ya kutengenezea sabuni, zikaoshwa mpaka maji yatoke safi, zikakaushwa, zikakatwakatwa na kusagwa. Hazitiwi nyingi. Sehemu chache katika 100 za uzito wa wanga zatosha. Zikizidi hujikusanya mafungu mafungu, na penye fungu ndipo utando unapochanikia.

Na mzee wetu aliyecheka asidhani kuwa mambo haya yameletwa jana na wageni. Mtanzania mwenzetu, Elifas Bisanda, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alichapisha mwaka 1992 pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, utafiti juu ya nyuzi za katani zilizoshikanishwa kwa gundi iliyotokana na mafuta ya maganda ya korosho. Tazameni: katani ya mashamba yetu, na ganda la korosho ambalo mwenye korosho hulitupa. Miaka 10 baadaye, mwaka 2002, Leonard Mwaikambo, naye Mtanzania, alichapisha pamoja na huyohuyo Ansell habari za namna kostiki soda inavyogeuza nyuzi za katani, juti na sufi. Gundi ile ya korosho ilikusudiwa kazi za kudumu, wala si kuoza. Lakini elimu ya kuufanya uzi ushike ni ileile, na mwalimu wa Munanila akiitafuta ataikuta imekwisha kuandikwa na watu wa kwao.

Huko Uganda iko kampuni iitwayo TexFad, iliyoanzishwa na Kimani Muturi, ambayo hupasua mashina ya migomba kwa mashine na kutoa nyuzi za kufumia mazulia na hata nywele za bandia. Na Kenya, Joseph Nguthiru, aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Egerton, ameanzisha HyaPak, inayotumia magugu maji kutengeneza vifungashio vinavyooza, pamoja na mifuko ya kuoteshea miche, ambayo hufukiwa pamoja na mche wake. Huo wa miche ndio ninaoupenda mimi. Kila mwanachama aliyepata kupokea miche ya mikarafuu ajua ile takataka ya vifuko vyeusi inayobaki pembeni ya shamba baada ya kupanda.

Lakini hapa nataka kusimama kidogo, maana katika maandishi mengi ya wataalamu mna neno moja linalonikera, nalo ni neno "taka." Wasema plastiki hii hutengenezwa kwa taka za shambani. Taka za nani? Katika nchi za migomba na kahawa, shina lililokatwa hukatwakatwa likatandazwa chini ya mimea ili lishike unyevu na kurudisha mbolea ardhini, na siku za kiangazi hupewa ng'ombe. Mkulima akiliuza lote, mwaka wa tatu atanunua mbolea kwa fedha zilezile. Vivyo hivyo muhogo wa Kasulu na Kibondo ni chakula kwanza, na haitakuwa akili kumnyang'anya mtu ugali ili mwingine apate mfuko. Nashukuru kwamba njia ya kuyakwepa mabaya hayo ipo. Shina la mgomba ni maji matupu: kilo 100 za shina bichi hutoa kama kilo 1 tu ya nyuzi kavu, na zile kilo nyingine zote, nyama na maji yake, zaweza kurudi shambani siku ileile. Na katika muhogo, machicha yanayobaki baada ya kukamua wanga bado yana wanga mwingi pamoja na nyuzi zake, nayo yaweza kusagwa yakatumika bila ya kugusa unga wa mtu.

Sasa tuje kwetu.

Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli, na hicho ndicho chenye ukali na harufu. Aliyepata kuzibwa jino hospitali aijua harufu ile, maana madaktari wa meno huchanganya yujenoli na unga wa zinki wakatengeneza dawa ya kuzibia. Yujenoli hupenya katika ngozi nyembamba inayokizunguka kijidudu, ikaitoboa, na yaliyomo ndani yakavuja. Hufanya hivyo kwa bakteria wengi na kwa ukungu wa aina nyingi pia.

Karafuu iliyokauka vizuri hutoa mafuta sehemu 15 hadi 20 katika 100. Makonyo hutoa 5 hadi 7, na majani 2 hadi 3. Kwa hesabu hiyo mtu atasema makonyo ni duni. Kwa wingi wa mafuta, ni kweli. Lakini ndani ya mafuta yenyewe mambo hugeuka: mafuta ya makonyo kwa kawaida huwa na yujenoli sehemu 90 hadi 95 katika 100, hali mafuta ya karafuu yenyewe mara nyingi huwa baina ya 70 na 90. Karafuu hushinda kwa uzuri wa harufu, na ndiyo maana watu wa manukato huitaka. Kwa kazi ya kuua ukungu, lile konyo unalolitenga kwa kiganja na kulisukumia pembeni ya jamvi ndilo lenye mafuta makali zaidi. Hili si jambo geni kwa waliofanya kazi katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, lakini nimekuta wanachama wengi, hata wenye mikarafuu mingi, hawajapata kulisikia.

Je, ikitiwa katika wanga hufanya kazi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, nchi yenye muhogo mwingi, walichapisha mwaka 2010 majaribio ya kutia unga wa karafuu na wa mdalasini katika utando wa wanga wa muhogo. Utando ulipungua nguvu. Mwaka 2013 wakachapisha majaribio mengine, safari hii kwa mafuta ya mdalasini, nayo yaliuzuia ukungu wa aina mbili unaoharibu mkate. Wengine wengi duniani wamejaribu mafuta ya karafuu katika wanga, katika mwani, na katika plastiki nyinginezo za mimea. Kwa ufupi: dawa hufanya kazi, lakini hulegeza utando, na hapo ndipo mtaona kwa nini mwalimu anataka nyuzi na mafuta pamoja. Kimoja hurudisha kile ambacho kingine kimekiondoa.

Mafuta hutiwa mwisho, uji ukiwa umekwisha kupoa kiasi, kwani yujenoli hupanda hewani pamoja na mvuke. Na hii ndiyo shida yake kubwa viwandani, ambako plastiki nyingi za mimea huyeyushwa kwa joto la digrii 170 na zaidi. Mafuta mengi huwa yamekwenda na moshi kabla mfuko haujatoka. Shida ya pili ni harufu yenyewe. Mfuko wa karafuu ukitiwa bizari ya pilau hakuna atakayelalamika. Ukitiwa kahawa ya Kigoma, mnunuzi ataurudisha. Nimemwandikia mwalimu asithubutu kuuweka karibu na kahawa ya watu, na asiweke ndani yake mbegu za kupanda pia, maana mafuta haya yakizidi huua hata mche, na kuna nchi yanatumika kuulia magugu. Nimemwonya vilevile juu ya wanafunzi: mafuta matupu huunguza ngozi, kostiki soda huunguza zaidi, na vyote viwili si vya kuachwa mikononi mwa watoto.

Mzee wetu atauliza, na ana haki: ikiwa mfuko una dawa ya kuua vijidudu, utaozaje? Jibu ni kwamba dawa hii haikai milele. Huruka kidogo kidogo na kuoshwa na maji ya mvua, na udongo una vijidudu wengi kuliko dawa iliyomo. Kiasi kidogo cha mafuta huchelewesha kuoza, hakikuzuii. Bali maana yake ni kwamba mfuko una umri. Siku harufu itakapokwisha, dawa nayo imekwisha, na mwenye duka ajue hivyo.

Sasa hesabu ya kilo, ambayo mwenye haraka yafaa aanzie hapa. Tuseme makonyo kilo 100 yatatupa mafuta kilo 5. Tuseme kila kilo 100 za plastiki hii zataka mafuta kilo 2. Basi makonyo yako kilo 100 yanatosha plastiki kilo 250, na kama mfuko mmoja mdogo una uzito wa gramu 5, hiyo ni mifuko 50,000. Wanachama 10 wenye makonyo kiasi hicho watatosha mifuko 500,000. Lichukulieni jambo hili kwa pande zote mbili. Upande mmoja ni wa faida: mafuta ni mepesi kuchukuliwa, na chupa moja yafika Munanila kwa meli, kisha kwa reli iliyofika Kigoma tangu mwaka 1914, kisha kwa gari, bila ya gharama ya kuvunja mtu. Upande wa pili ni huu: mahitaji ni madogo. Hata Kigoma nzima ikifungia bidhaa zake katika mifuko ya namna hii, haitamaliza makonyo ya Pemba. Anayewaambia kwamba plastiki itainua bei ya makonyo mara kumi anawauzia upepo.

Tena tumepata kupitishwa njia hii. Mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Ulaya viligundua namna ya kutengeneza vanila ya bandia kutokana na yujenoli, na mafuta ya karafuu yakapata soko kubwa ambalo hakuna aliyelitazamia. Likadumu miaka mingi. Kisha katika miaka ya 1930 watu wa Amerika ya Kaskazini wakajua kuitoa vanila hiyohiyo katika maji machafu ya viwanda vya karatasi, kwa ile lignini ya miti niliyoitaja hapo juu. Taka ya mwingine ikalitwaa soko letu. Na leo, kama ni wingi wa plastiki ya mimea tunaousema, kiwanda kimoja cha NatureWorks huko Blair, Nebraska, Marekani, kimejengwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka kutokana na mahindi. Hatushindani na hao. Kitu chetu ni dawa inayotiwa ndani, na dawa huuzwa kwa ubora wake.

Namjia mwenzetu wa majani. Indonesia, inayotoa mafuta mengi ya majani ya karafuu kuliko nchi nyingine, desturi ni kuokota majani yaliyoanguka yenyewe chini ya miti. Madagaska wakulima wengi hukata matawi ya miti iliyo hai, na yako mashamba ambayo mikarafuu imekatwa mara kwa mara hata haizai tena karafuu za maana. Imekuwa miti ya majani tu. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba, hata kuanza kuzaa, na ukitunzwa humzika aliyeupanda na mwanawe. Majani kilo 100 hutoa mafuta kilo 2 au 3. Mtu apige hesabu mwenyewe, halafu aende akautazame mkarafuu wake. Na hata majani yaliyoanguka, asiyafagie yote, kwa sababu ni mbolea ya mti uleule, kama mashina yalivyo mbolea ya migomba ya Waha.

Jambo jingine, fupi. Watakuja wachuuzi na mifuko iliyoandikwa kuwa inaoza. Mingine ni nailoni ileile iliyotiwa dawa ya kuifanya imeguke vipande vidogo kwa jua. Vipande hivyo havilikwi na kijidudu yeyote, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku aina hiyo mwaka 2021. Inayooza kweli hupimwa. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 13432 chataka sehemu 90 katika 100 ziwe zimegeuka hewa ndani ya miezi 6 katika mboji yenye joto kali, na mboji ya kiwandani haifanani na shimo la nyuma ya jiko. Kujua kama mfuko una wanga, dondoshea tone la aidini, ile dawa ya kidonda: penye wanga patageuka rangi ya buluu iliyokoza kama wino. Lakini yaweza ikawa wanga umechanganywa na nailoni, hivyo tone hilo si ushahidi kamili. Kwa mfuko utakaogusa chakula, hapa kwetu waulizwe Taasisi ya Viwango Zanzibar, na huko Bara TBS. Na karafuu kavu zisitiwe katika mfuko wa wanga hata uwe mzuri namna gani. Wanga huvuta unyevu, na karafuu iliyovuta unyevu mwaijua itakavyopimwa. Gunia safi lililo kavu bado halijapata mpinzani.

Kamati imekubali mwalimu apelekewe chupa moja ya mafuta ya makonyo, kwa njia iliyo halali na kwa risiti, pamoja na karatasi ya vipimo hivi. Bei atatozwa kamili, kwa kuwa twataka kujua kama bei hiyo mtu wa Munanila aweza kuilipa. Yeye ameombwa atuandikie utando wake ulikaa siku ngapi bila ya kuota ukungu, wenye mafuta na usio na mafuta, na kila mmoja ulivunjika kwa uzito gani.

Kwa upande wetu, tunahitaji kujua makonyo ya mashamba yetu yana mafuta kiasi gani hasa, maana tarakimu nilizoandika ni za vitabuni, na makonyo yaliyokaa stoo msimu mzima, au yaliyonyeshewa dagoni, hayawezi kuwa sawa na yaliyoanikwa vizuri juu ya jamvi. Kila mwanachama anayeweza alete ofisini kilo 2 za makonyo makavu, yasiyosagwa, katika mfuko wa kitambaa, akiandika jina la shamba, mwezi wa kuchuma, na siku yalizokaa juani. Wenye makonyo ya zamani nao walete, wasione haya. Yatapimwa yote kwa pamoja, na matokeo ya kila shamba atapewa mwenyewe kwa siri kabla hayajatolewa hesabu ya jumla katika kurasa hizi. Ofisi hufunguliwa kila siku ya kazi, ila Ijumaa tunafunga saa 5 na nusu.

Katibu wa Chama